Maneno Kumi na Mawili Ndani ya Jaketi

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu mepesi, yale yasiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu, na mawingu yalishuka hata ghorofa za juu za jengo la mafundi cherehani hazikuonekana kutoka barabarani.

Lifti ilikuwa imekwama tena. Watu walijazana kwenye ngazi, huyu na marobota ya vitambaa kichwani, yule na cherehani begani, wote wakimlaani mwenye jengo. Katikati yao alipanda dada mmoja mwenye gauni la kijani la vifungo vyeupe, tepu ya kupimia shingoni na furushi la sare za shule mikononi. Pale penye kona alimkuta mwanamume amechuchumaa, bisibisi mdomoni, vyuma vyake vimetapakaa kila mahali.

"Pisha, ndugu yangu. Lifti umeiua, na ngazi nazo unataka kuziziba?"

Mwanamume alitoa bisibisi mdomoni. "Samahani, dada. Haijafa. Imezimia tu."

"Wewe ndiye daktari wake?"

"Ndiye mimi."

"Basi mgonjwa wako atatuzika sisi kwanza. Na hilo jaketi lako mbona limekenua meno?"

Alitazama mkono wake. Mlango wa lifti ulikuwa umelichana jaketi lake la kaki kutoka kiwiko hadi bega. Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao, na dada yule akajikuta anakumbuka kicheko hicho mpaka ghorofa ya nne.

Mchana fundi lifti alimfuata huko. Kilikuwa chumba cha cherehani sita, chenye harufu ya pasi na vipande vya vitambaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Dada alimtazama mkono mara moja tu, akataja urefu wake.

"Huandiki?" aliuliza fundi lifti.

Mwenzake wa cherehani ya pili alidakia. "Unafikiri kwa nini tunamwita Daftari? Ukimwachia bega lako leo, mwakani atakutajia."

Ilikuwa kweli. Daftari aliacha shule akiwa darasa la tano, akajifunza kutunza kila kipimo kichwani kwa kukiimba kimoyomoyo huku miguu ikikanyaga cherehani. Sasa alikuwa akisoma shule ya jioni, siku tatu kwa wiki, na mkono wake uliandika vizuri. Lakini vipimo viliendelea kukaa palepale vilipozoea.

Fundi lifti alisogea karibu, akashusha sauti. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Naomba na mfuko wa ndani, usioonekana. Hii uishonee humohumo. Tafadhali usiifungue."

Daftari aliishika karatasi kwa ncha za vidole. "Mifuko ya kuficha nimewashonea watu wa aina mbili, wezi na waume za watu. Wewe ni yupi?"

"Mimi ni wa tatu, dada."

"Wa tatu sijawahi kumwona."

"Ndiyo maana nimekuja, ujionee."

Aliishona bila kuifungua. Lakini alimtazama sana alipokuwa akiondoka.

Mapenzi yao yalikua kwa simu, kwa kuwa kazi haikuwapa nafasi.

"Halo, Bwana Lifti. Mbona sauti inatoka kama kisimani?"

"Niko shimoni, kipenzi, chini kabisa ya lifti."

"Shimoni na nani?"

"Na panya wawili, dume na jike."

"Nipe niongee na huyo jike."

Walicheka mpaka salio likaisha. Jumapili moja baada ya ibada Daftari alimkaribisha nyumbani, akamtambulisha kwa mama yake, mwokaji wa mikate. Fundi lifti alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama wembe. Alimwamkia mama kwa adabu, akaketi, akauliza kwa nini mkate unaokwa kwenye jiko dogo kiasi kile.

Hapo ndipo alipogusa kidonda.

"Nilikuwa na fedha ya jiko kubwa, baba," alisema mama. "Akaja bwana mmoja wa viatu vya kung'aa. Akakodi ukumbi, akatufundisha kripto, sarafu za mtandaoni. Akanifungulia akaunti kwenye simu yangu mwenyewe, nikaona kwa macho yangu zinapanda. Kisha akasema kuna maneno kumi na mawili ya siri, ndiyo ufunguo, nimpe anitunzie nisije nikayapoteza. Nikampa. Kesho yake hapakuwa na sarafu wala bwana."

"Mtu wa sarafu hizo," alisema Daftari, "mimi simkaribishi hata kwa maji."

Fundi lifti alikuwa na glasi ya maji mkononi. Aliyameza maji yale, na ukweli nao akaumeza.

Kwa maana karatasi iliyoshonwa ndani ya jaketi lake ilikuwa na maneno kumi na mawili kama hayo. Dada yake wa kuzaliwa, anayelea wazee katika nchi ya mbali, alikuwa akituma fedha kwa njia hiyo, kwani zamani zilichukua siku nyingi na kukatwa kila zilikopita. Sasa zilifika kabla hajamaliza kunywa chai. Baba yao alikuwa ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Hospitali ilitaka chuma cha kuwekwa kwenye nyonga kinunuliwe kwanza ndipo apasuliwe. Miezi mitatu dada alituma, na fedha zote zilikaa nyuma ya ufunguo ule, ambao nakala zake zilikuwa mbili tu, moja ndani ya simu na nyingine ndani ya jaketi. Fundi lifti alijiambia atamweleza Daftari baba akishapona. Alikuwa mwema, lakini alikuwa mwoga.

Wiki mbili baadaye zipu ya jaketi iliharibika, akalipeleka ghorofa ya nne. Alipokuwa akilivua, simu iliita. Daftari alisikia sauti ya mwanamke: "Mpenzi, imefika?"

Fundi lifti alitoka haraka kwenye korido. Lakini mlango ule haukufungika vizuri tangu siku nyingi. "Imefika," alinong'ona. "Hapana, hajui. Usimwambie mtu."

Aliporudi alitabasamu. Daftari naye alitabasamu, kwa midomo tu.

Alipoondoka, Daftari alifunga mlango, akaomba, "Mungu wangu, niepushe na dhambi ya kudhania," kisha akachukua kifumulio na kufumua mshono wake mwenyewe. Alitarajia barua ya mapenzi. Alikuta maneno ya Kiingereza, moja chini ya jingine, yenye namba ubavuni. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya jioni, lakini kilimtosha. La kwanza lilikuwa tunda, la pili mnyama, la tatu kitendo cha kuruka. Yalikuwa kumi na mawili, hayakuwa na maana yoyote, na hilo ndilo lililomfanya aketi sakafuni.

Aliyasoma mara moja tu. Akaishona karatasi upya, mshono juu ya mshono, asijue mtu. Jioni hiyo alijaribu kuyasahau, akashindwa. Kila alipokanyaga cherehani, yalipita kichwani kwa mpangilio wake.

"Halo, kipenzi changu..."

"Usiniite kipenzi. Jaketi lako liko kwa mlinzi, chini. Zipu ni bure."

"Kuna nini?"

"Ulisema wewe ni wa tatu. Nimemjua sasa. Ni jamii ya yule aliyemla mama yangu."

Fundi lifti akasema neno baya kuliko yote ambayo angeweza kuyasema. "Nani amekuambia?"

Hakusema kwamba si kweli. Daftari alikata simu.

Mvua kubwa ilianza Aprili. Shimo la lifti lilijaa maji, na Jumanne moja fundi lifti aliteleza akazama mpaka shingoni kwenye maji yaliyochanganyika na mafuta. Walimvuta kwa kamba. Simu ilikufa papo hapo. Upasuaji wa baba ulikuwa Alhamisi.

Alipanda ngazi nne akichuruzika. Mafundi wote waliacha kushona.

"Sikuja kuomba unipende," alisema, huku akilaza jaketi mezani. "Lifumue taratibu. Wewe ndiye uliyeshona. Labda imepona."

Daftari alifumua. Kilichotoka kilikuwa uji wa bluu, maana maneno yaliandikwa kwa kalamu ya wino wa maji. Fundi lifti aliutazama, akafunika uso. Ndipo akasema yote, baba, nyonga, dada aliye mbali, na woga wake pale mezani kwa mama.

Moyo wa Daftari ulitaka kumshika mkono. Akili yake ilimwambia, yule wa viatu vya kung'aa naye alikuwa na hadithi nzuri.

"Baba yako amelazwa wapi?" aliuliza. "Nipeleke. Na mama yangu anakuja."

Siku ya pili, saa ya kuona wagonjwa, mama alivaa gauni lake jeusi la kwendea mazito. Wodi ilikuwa na vitanda vinane. Kwenye cha nne palikuwa na mzee aliyefungiwa uzito wa kuvuta mguu, amekwisha mwili lakini si ulimi.

"Wewe ndiye Daftari? Kijana wangu amekonda kwa ajili yako. Mimi nimevunjika nyonga na bado nina nyama kumzidi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sogea, nisikutazame kama mwezi."

Fundi lifti alikuwa na simu mpya ya bei ndogo. Mama aliamuru yule dada wa mbali apigiwe, kwa sauti ya wazi, mbele ya wote.

"Huyo ndiye wifi yangu?" ilisema sauti ileile ya korido.

"Bado sijawa wifi," alijibu Daftari.

"Basi uwe upesi, nina zamu. Na unisamehe, huyo nimemwita mpenzi tangu nilipokuwa nambeba mgongoni."

Mama aliinamia simu. "Binti, hizo sarafu zenu ni wizi mtupu."

"Mama, uliibiwa na mtu. Mimi nilikuwa nakatwa kila mwezi dirishani mwa benki, nikapewa na risiti. Kwa hizi, baba yangu anapata chuma."

"Mtu akiniibia sokoni nitapiga kelele, atakamatwa. Huko kwenu nilipiga kelele, akanisikia nani?"

"Hapo sina jibu, Mama," alisema dada. "Kweli sina."

Mama alinyanyuka akamtazama binti yake. Jibu lile lilimgusa kuliko ahadi yoyote. Bwana wa viatu vya kung'aa hakuwahi kukosa jibu.

Daftari alivuta pumzi. "Nina jambo la kukiri. Nilifumua jaketi lako. Niliyasoma."

Fundi lifti aligeuka polepole. "Uliyasoma?"

"Nilikutilia shaka."

"Unayakumbuka?"

"Nimeshindwa kuyasahau."

Lakini maneno yale hayasemwi mbele za watu. Kwa hiyo aliinama, akaweka midomo sikioni mwa fundi lifti, akaanza kunong'ona. Neno moja, yeye anaandika kwenye simu. Neno la pili, anaandika.

"Jamani!" alisema mzee wa kitanda cha tatu. "Nesi, njoo uone. Sisi tunaumwa, wao wananong'onezana."

"Mwache, mzee," alisema nesi. "Labda anamtajia dawa."

Neno la kumi lilipita. La kumi na moja halikuja. Daftari alifumba macho. Fundi lifti hakuthubutu kupumua, na mzee wa nyonga aliukamata ukingo wa kitanda. Ndipo mguu wa Daftari ukaanza kukanyaga sakafu, kisigino, vidole, kisigino, vidole, kama chini ya cherehani. Wodi nzima ikausikia. Akanong'ona la kumi na moja, akanong'ona na la mwisho.

Simu ilifunguka. Akiba ilikuwepo, yote.

Jioni hiyo sarafu ziliuzwa, chuma kikalipiwa. Mama alidai kuiona risiti ya hospitali, akaisoma mbele na nyuma, akaugusa mhuri kwa kidole aone kama unafutika. Kisha akaikunja vizuri, akamrudishia fundi lifti kwa mikono miwili.

"Sasa hayo maneno ubadilishe," Daftari alimwambia fundi lifti. "Leo hii. Sitaki kukaa na ufunguo wako kichwani."

"Nitabadilisha. Lakini mapya nataka tuyagawane, sita wewe, sita mimi, pasiwe na wa kufungua peke yake."

"Na mmoja akitoroka?" aliuliza mama.

"Ndiyo maana naomba asitoroke, Mama." Alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi, suruali ikiwa bado na madoa ya mafuta. "Namwomba anioe... yaani nimuoe. Nimechanganyikiwa. Na naahidi mbele yenu sitamficha tena kitu, hata kama ukweli utaninyima maji ya kunywa."

"Hata lugha imempotea," alisema mzee wa kitanda cha tatu. "Mkubalie, binti, tulale."

Daftari alimtazama jinsi alivyotazama vitambaa sokoni, akitafuta pale vinapochujia rangi. Kisha akasimama wima, ili hata kitanda cha nane kimsikie.

"Nakubali. Na mimi naahidi mbele ya Mungu, mbele ya mama yangu, mbele ya baba na mbele ya wagonjwa wote. Nitakutilia shaka tena, hilo lijue kabisa. Lakini siku hiyo nitakuuliza wewe kwanza, kabla sijashika kifumulio."