Lete Nikubebee

Kinyozi aliyemwoa dada yangu hawezi uongo. Akijaribu, masikio yanamwasha mpaka ayakune. Kipaji cha uongo katika ukoo huu nimeachiwa mimi peke yangu, na sijawahi kulalamika. Basi haya yaliyompata yeye na rafiki yake Fundi Makochi nayasimulia kama yalivyotoka kinywani mwake, na kama nimetia chumvi, ni ile ya kufanya mboga ilike tu.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Jumamosi asubuhi, jua la upole, barabara za mji zimefungwa kwa magari kwa ajili ya mbio za kila mwaka. Mbio hizi si za kutafuta bingwa. Wanakimbia walimu, manesi, wauza duka, na wazee waliokatazwa sukari; anayeshinda anapigiwa makofi, anayeshindwa anapigiwa makofi zaidi. Kinyozi alikuwa amefikia umri ambao mtu akitaka kufunga kamba za viatu lazima kwanza aombe ruhusa kwa tumbo. Kusimama kutwa nyuma ya kiti, mashine ikinguruma mkononi, kulikuwa kumemchosha mgongo bila kumpunguzia hata tundu moja la mkanda. Fundi Makochi, waliyekua naye tangu utotoni, alikuwa mwembamba kama mbao zake. Alifiwa na mke zamani, akawa analala peke yake chumba cha nyuma ya karakana, katikati ya sponji na springi. Mwili wake ulijua kupumzika. Mdomo haukujua.

"Shemeji, huyu leo nakurudishia bila tumbo," alimwambia dada yangu mlangoni.

"Litupe hukohuko," dada akajibu, "na mkoromo wake uutupe pamoja nalo."

Wakaenda wakicheka kama vijana waliotoroka shule.

Filimbi ikalia uwanja wa mpira, kundi likatoka. Wenye mapafu wakapotea mbele. Marafiki wetu wakabaki nyuma, mwendo wa kusindikiza harusi, wakisema watu na kusemwa. Nesi mmoja aliwapita akawauliza kama walitaka kitanda cha wagonjwa. Fundi akamjibu vitanda anatengeneza yeye mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyokwenda, soga na jasho, mpaka barabara ilipoanza kupanda kando ya ukuta mrefu wa kiwanda cha matofali. Pale soga zikakatika. Kukabaki vishindo vya viatu na pumzi.

Kinyozi akasikia kwamba pumzi zilikuwa za watu watatu.

Mbele yao alikuwapo mtu anakimbia peku. Kaptula imepauka, fulana ya mbio imechakaa mpaka maandishi yamefutika mgongoni. Alikuwa amepinda kama mtu aliyejitwika gunia, na pumzi zake zilikwaruza kama msumeno kwenye mti mbichi. Cha ajabu ni wale waliompita. Kila aliyemfikia alihamia upande wa pili wa barabara, akatazama ukutani, akapita kimya. Hata wale waliokuwa wakiimba waliacha kuimba, wakampita, wakaanza tena mbele kwa sauti ndogo.

Juu ya kile kilima, mama mmoja alikuwa amepanga vikombe vya maji kwenye meza. Yule mtu alipopita, hakumpa. Aliinamisha uso tu. Marafiki wetu walipofika akawapa vikombe, maji yakawamwagikia vidoleni. Alifungua kinywa kama anayetaka kusema kitu. Kisha akakifunga, akakiziba na upindo wa kanga.

Wakamfikia yule mtu.

"Nimechoka," akanong'ona. Hakuwatazama. "Nimechoka, jamani."

Sasa mwingine angesema pole, akapita. Lakini Fundi Makochi, ukimnyima utani ni kama umemnyima hewa.

"Mzee, huo uchovu lete nikubebee! Mimi leo mzigo sina."

Yule mtu akasimama.

"Kweli?"

"Kweli, kwani nakutania?"

"Utanibebea?"

"Lete nikubebee, bwana! Mbio zenyewe za kujifurahisha."

Kinyozi alicheka mpaka kichomi kikambana. Akiwa bado ameshika mbavu, aliona yule mtu akinyoosha mkono na kuweka kiganja kifuani pa Fundi, polepole, kama anayemlaza mtoto. Machozi yakamtoka. Akasema, "Ahsante, ndugu yangu." Halafu akanyooka. Mgongo ulilia pingili kwa pingili, na aliponyooka hakuwa mzee hata kidogo. Alikuwa rika lao. Akageuka, akarudi mbio alikotoka, akiwapita watu kinyume cha mashindano. Kutoka kule kilimani wakasikia vikombe vinaanguka, na mwanamke analia kama aliyeletewa maiti.

"Hebu ngoja," Fundi akasema. Akakaa chini katikati ya lami.

Walifika mwisho watu wakiwa wanakunja utepe. Kinyozi alikuwa amempitisha rafiki yake mkono kiunoni, anamkokota. Makofi yalipigwa. Fundi hakuyasikia. Alikuwa amelala huku anatembea.

Usingizi ule haukumsaidia. Alilala siku hiyo, akalala na ya pili, na kila alipoamka alikuwa amechoka kuliko alipolala. Zahanati walimpima wakaona mzima, wakamwandikia apumzike. Mtengeneza makochi kuambiwa apumzike! Siku nyingine angecheka wiki nzima. Siku hiyo alifumba macho tu.

Kinyozi akawa anafunga duka mapema, anakwenda kumnyoa pale kitandani. Kunyoa ni kazi yake, na kichwa cha mtu kwake ni kama shamba kwa mkulima, anajua lini kilipandwa na lini kilivunwa. Ndiyo maana alishtuka. Ndevu alizozikwangua juzi zilikuwa za miezi. Nywele zilianguka nyeupe kwenye taulo. Na katika nywele mlikuwa na vumbi, vumbi la barabarani, limeshika hadi kwenye mizizi. Aliosha, akakausha. Kesho yake lilikuwamo tena. Shingoni pa mtu ambaye hajatoka kitandani, jasho lilikuwa limekauka likaacha chumvi.

Chini ya blanketi, miguu ilikuwa inakwenda.

"Kuna daraja," Fundi alisema jioni moja, macho yamefumba. "Lina ukingo mmoja tu. Nikifika pale huwa nachungulia maji."

"Daraja gani? Wewe hujawahi kutoka mji huu."

"Najua. Si mimi ninayekumbuka. Ni uchovu."

Kinyozi akaweka wembe chini.

Asubuhi ilipofika alipanda kile kilima hadi nyumba za nyuma ya kiwanda cha matofali, akamuulizia mama wa maji. Aliikuta nyumba kabla ya kuonyeshwa, kwa sababu juu ya bati alikuwapo mtu anapigilia misumari huku anapiga mluzi. Mwenye mluzi alimwona. Mluzi ukakatika. Nyundo ikabaki juu.

Mama akatoka, akasimama mlangoni kama anayezuia kitu kisiingie.

"Ni mume wangu," akasema kwa sauti ya chini, kabla hajaulizwa. "Alitoka kwenda mbio kama nyinyi. Akamtania mtu. Nimekaa na ile meza ya maji mwaka hadi mwaka, namwona anapita, na maji siwezi kumpa. Ningempa angeniambia amechoka, nami nisingeweza kumnyamazia."

"Ulituona. Ungetuambia."

"Ningewaambia, asingerudi."

Kinyozi alikuja na matusi, yote yakamkauka.

"Rafiki yangu anakufa, mama."

"Hafi. Wangu alikufa? Huo ndio ubaya wake." Akasogea karibu, akanong'ona. "Siku moja atanyanyuka, aanze kukimbia. Hatasimama mpaka apate mwingine wa kumtamkia lile neno, 'Lete nikubebee.' Uchovu huu haurudi nyuma. Unakwenda kwa anayeuomba tu."

"Na wa kwanza kabisa? Ulianzia kwa nani?"

Mama akatikisa kichwa. Aliyezungumza alikuwa mumewe kule juu ya bati, mgongo amewapa.

"Watu wabaya hupita kimya, ndugu yangu. Wanaojibu ni wale wazuri. Nilikuwa nawachagua kwa nyuso."

Hakupiga mluzi tena mpaka Kinyozi alipotoka uani.

Alimsimulia Fundi yote. Fundi akasikiliza, akacheka kidogo, kicheko kama mlango mkavu.

"Kwa hiyo nitoke, nitafute mtu mwema, nimmalize."

"Ndivyo walivyosema."

"Nifungie mlango kwa nje."

"Acha upuuzi."

"Nifungie, kaka. Miguu hii hainisikilizi tena."

Akafunga. Alitia kufuli, akaongeza ubao kwa misumari ya Fundi mwenyewe. Kila alipopitisha chakula kati ya nondo za dirisha alisikia vishindo ndani. Vishindo vya mtu anayekimbia mahali pamoja, juu ya sponji, havichoki, havisimami. Siku ya kwanza vilikuwa vya taratibu. Siku zilizofuata vikazidi. Mchana mmoja, jua kali, watu wako makazini, alikuta misumari miwili imetoka nusu. Ilikuwa inasukumwa kutoka ndani.

Akakaa kizingitini, mgongo mlangoni. Vishindo vikamtetemesha mbavu.

Alijua neno. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akamfikiria dada yangu. Akafikiria watoto, duka, kile kiti cha kunyolea ambacho hakuna mwingine wa kukisimamia. Akamwona yeye mwenyewe yuko peku, anapita mbele ya meza ya maji, na dada anainamisha uso. Neno likarudi kooni. Akanyanyuka aende zake.

"Kinyozi," sauti ikanong'ona mlangoni. "Nenda. Sitakulaumu."

Vishindo. Vishindo. Msumari mmoja ukadondoka.

Angetukanwa, angekwenda. Kusamehewa ndiko kulikomshinda. Akashika kufuli, akafungua, ubao akaung'oa kwa mikono.

"Nipe nusu," akasema.

"Nusu haipo."

"Nani kakwambia? Umewahi kuuliza? Wewe kochi la watu watatu, unalikalisha mtu mmoja?"

Fundi alikuwa amesimama gizani mwa chumba, anakimbia, hasogei. Machozi yanamtoka kama jasho.

"Kweli?" akauliza. Sauti haikuwa yake.

"Kweli."

"Utanibebea?"

"Lete tubebe wote."

Kiganja kikaja kifuani. Kilikuwa baridi. Kisha kikawa kizito. Uzito ukamshika Kinyozi magotini kwanza, ukapanda kiunoni, ukakaa nyuma ya macho. Njia ambazo hajawahi kuzipita zikamjaa kichwani, kona kwa kona. Vumbi. Mbwa wanaokimbia kabla hujafika. Daraja lenye ukingo mmoja.

Miguu ya Fundi ikasimama.

Akakaa juu ya sponji, akashika magoti yake kama mtu anayeyasalimia. Akaomba chai.

Basi wakaishi hivyo. Ungepita siku zile ungemkuta Kinyozi ananyoa amekaa kwenye stuli, na Fundi anagonga msumari, anapumzika, anagonga mwingine. Ungewauliza, Fundi angekwambia ni umri, na Kinyozi angekuna masikio. Uzito wa nusu unabebeka. Unakuinamisha lakini haukukimbizi. Ndevu zao ziliota kama za watu wote. Usiku walilala, ingawa hawakuamka wapya.

Lakini dada yangu naye ana macho, na mumewe alishamsimulia kila kitu. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Kinyozi alijilaza, na alipoamka magoti yalikuwa mepesi. Alijua kabla hajafumbua macho. Dada alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono imelala mapajani.

"Umefanya nini?"

"Nimekuomba ukiwa usingizini. Ukaitikia."

"Mke wangu, nani kakutuma?"

"Kwani wewe, ulipompokea mwenzio, mimi uliniuliza?" Akafumba macho. Kisha akanong'ona, "Hivi lile daraja, huo ukingo mwingine nani aliung'oa?"

Kinyozi akakaa naye sakafuni, bega kwa bega, mpaka jua likashuka.

Jioni ile dada alifagia uani kama kawaida yake, polepole zaidi, akipumzikia ufagio. Akafunga mlango kwa komeo. Wakalala wote wawili kama magogo.

Alfajiri akavuta komeo, akafungua. Akamwita mumewe bila kupaza sauti.

Katika vumbi lililofagiwa mlikuwa na nyayo za mtu mmoja, peku. Zilitoka barabarani. Hatua zilikuwa ndefu, vidole vimezama, visigino havijagusa. Kinyozi akaweka mguu wake juu ya unyayo mmoja. Haukuwa wake. Dada akaweka wake. Haukuwa wake. Fundi alipoitwa na kufika akaweka wa kwake, akauondoa haraka. Unyayo ulikuwa mkubwa kuliko wa wote watatu.

Ziliingia getini, zikapita uani, zikafika mlangoni. Za kurudi hazikuwapo. "Hatua hizi nazikumbuka," dada akanong'ona, "ni za yule wa kwanza kabisa."

Ule wa mwisho ulikuwa juu ya kizingiti chenyewe, kisigino nje, vidole ndani. Simenti ilikuwa bado mbichi kwa jasho.