Tunakusikia, Dalila

"Geuza hiyo kompyuta nimwone huyo mwanaume wako!"

Leonel alisukuma komeo la mlango, akanigeukia. Shavu langu lilikuwa bado limevimba kwa kofi la Jumapili.

"Baba Nilza, ni kikao cha kazi. Nakuomba."

"Kila siku kikao! Unazungumza na wanaume chumbani kwangu, mimi nafuga kuku?"

Kibao kikatua. Nikaiangukia meza.

Kabla ya korona, hata hatujaoana, mume wangu alikuwa dereva wa ofisi yetu. Kila asubuhi alinipitia hapa mtaani Chuno, akinifungulia mlango wa gari: "Karibu, mheshimiwa." Nilimpendea hapo. Korona ilipoingia tukarudishwa nyumbani na kompyuta. Ilipopita, kampuni ikaona kazi inakwenda hata bila jengo. Gari likauzwa. Mimi nikabaki na kazi, yeye akakosa wa kumwendesha, akabaki kufuga kuku uani.

Ofisini wangeniona uso. Nyumbani nilizima kamera tu. Asubuhi hiyo Yustina, mwenzangu wa kazini aliyewahi kuishi mtaa huu, alikuwa ameniandikia: "Shoga, washa kamera tukuone hata mara moja." Nikamjibu: "Mtandao mbaya, shoga."

Kompyuta ikasema kwa sauti ya Gideoni, bosi wetu:

"Dalila, umejizima sauti. Hatukusikii."

"Ndiye huyo!" Leonel alifoka. "Ngoja nimzime kabisa!"

Akabonyeza alama ya maiki yenye mstari mwekundu. Mstari ukatoweka. Alidhani amemzima Gideoni, kumbe amenifungulia mimi.

Akachomoa waya wa chaji, akauzungusha kiganjani.

"Leo navunja hivyo vidole. Tuone utaandika na nini!"

Waya ukanichana mgongo. Akaukamata mkono wangu, akaupinda nyuma hadi nikasikia kitu kinalia begani.

"Mkono wangu! Baba Nilza, unaniua!"

"Lia! Nilza yuko kwa bibi yake kijijini Mpapura. Nani atakusikia?"

"Tunakusikia, Dalila."

Ilikuwa sauti ya Yustina kwenye kompyuta.

"Wote kumi na wanne tunakusikia. Leonel, mwachie mtoto wa watu. Nimeshampigia mjumbe wenu wa mtaa."

Waya ukaanguka sakafuni. Leonel aliitazama kompyuta kama mtu aliyedonolewa na kuku wake mwenyewe.

"Mama Nilza, waambie tunataniana."

Niliusukuma waya mbali kwa mguu.

"Leonel," Gideoni alisema polepole, "watu wangu nilikukabidhi wewe uwafikishe salama."

Mlango ukagongwa kwa ngumi. Mjumbe wetu, Mama Theresia, anakaa nyumba ya tatu.

"Fungueni! Nimekuja na vijana, na tukitoka hapa tunakwenda polisi, dawati la jinsia!"

Leonel akapiga magoti, akanishika khanga.

"Usifungue, mke wangu. Nakupenda, wallahi nakupenda!"

Nilijivuta hadi mlangoni, mkono mmoja unaning'inia.

"Uliponipenda, Leonel, ulikuwa unanifungulia mlango."

Nikavuta komeo.