Kengele ya Mtu Mwingine

Mama Pacha alikuwa na ugonjwa mmoja: usafi. Kopo likiingia jikoni kwake, kwanza lilibanduliwa lebo. Rafu ilipendeza kweli, lakini mumewe, fundi seremala, ilimbidi alambe kila kitu kabla ya kukitumia.

"Mke wangu, leo nimesahau kulamba, nimekunywa tena chai ya chumvi," alilalamika asubuhi moja.

"Si ungeuliza, Baba Pacha?"

"Nimuulize nani? Ulikuwa umezama kwenye kompyuta."

Hapo alisema kweli. Mama Pacha alikuwa ametengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa wa kisukari siku zao za kliniki. Aliiweka wazi mtandaoni ili yeyote aitumie na kuiboresha. Mama mkwe wake aliwahi kusahau kliniki, akazidiwa mpaka akalazwa. Tangu hapo Mama Pacha hakutaka hayo yampate mtu mwingine.

Mchana muuguzi wa zahanati akapiga simu.

"Programu yako tumeipenda sana. Lakini tuambie, kipande kipi umeandika mwenyewe, na kipi ni cha wengine? Bila jibu hatutaweza kuitumia."

Mama Pacha alikimbilia kwa jirani yake, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua programu. Mtaa mzima ulimwita Dada Miwani.

"Kalenda niliichukua kwa mtu mtandaoni, na kengele kwa mwingine," Mama Pacha alieleza. "Kwenye kalenda kulikuwa na jina la mtu na maneno mengi juu. Nikayafuta. Yalikuwa yanachafua."

Dada Miwani alicheka mpaka akavua miwani. "Yaani hata huku umebandua lebo?"

"Usinicheke, mwenzangu. Nimekwisha."

"Hujakwisha. Sikiliza. Kitu cha bure nacho kina mwenyewe. Aliyekiandika amekupa ruhusa ya kukitumia, na ruhusa hiyo inaitwa leseni. Leseni nyingi zinakutaka uache jina lake na maneno yake palepale. Halafu, kipande kikionekana kina kasoro, utajuaje kama na wewe unacho?"

"Si waliokitengeneza wataniambia?"

"Watakuambiaje na hawakujui? Wewe ndiye uliyekileta kwenye programu. Kazi ya kukiorodhesha ni yako, tena siku ileile unapokileta."

Wakaketi pamoja. Walirudi mtandaoni kule kalenda ilikotoka, wakarudisha yote yaliyofutwa. Kisha Mama Pacha akaandika faili la kukaa ndani ya programu. Kwa kila kipande aliandika jina lake, kilikotoka, toleo lake, aliyekitengeneza, leseni yake, na alichokibadilisha yeye.

Ikabaki kengele. Hiyo haikuwa na leseni kabisa.

"Basi hatuna ruhusa," alisema Dada Miwani. "Mwandikie aliyeitengeneza. Akikataa, utafute nyingine."

Mama Pacha aliandika, akaomba radhi. Siku kadhaa alikaa roho juu. Hatimaye jibu likaja:

"Kengele hiyo niliitengeneza ili baba yangu asisahau dawa. Sikujua kuna wengine inawasaidia. Leo nimeiwekea leseni. Asante kwa kunitaja."

Mama Pacha alilia, kisha akacheka peke yake. Zahanati nayo ikaipokea programu.

Baadaye ilitangazwa kwamba toleo la zamani la ile kalenda lilikuwa linaruka siku. Mama Pacha alifungua faili lake. Lilikuwa ni toleo hilohilo! Akaweka jipya, akarekebisha faili, akampigia muuguzi. Hakuna mgonjwa aliyekosa kliniki. Mama mkwe naye alikwenda, huku akinung'unika kwamba kengele ina kelele.

Jioni Baba Pacha aliingia jikoni kujitengenezea chai, akasimama mlangoni. Kila kopo lilikuwa na karatasi: chumvi, sukari, unga.

"He! Mke wangu, umepona?"

"Kunywa chai yako, bwana."

Akachota sukari, na safari hii hakulamba kwanza.