Mto wa Vinukta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa namsomea mama nchi nzima. Yeye amekaa kwenye cherehani na pini mdomoni, mimi nimesimama mlangoni na sare yangu iliyopigwa pasi, naanza: mlima wa kwanza kwa urefu, wa pili, wa tatu, mito inayoelekea mashariki, mito inayoelekea magharibi, mikoa yote na makao makuu yake, mwaka wa uhuru, mwaka wa katiba. Sikukosea hata siku moja.

"Hongera," mama aliniambia siku moja akizitoa pini mdomoni. "Na dukani umeshakwenda? Nilikutuma uzi mweusi tangu jana."

Nilimwonea huruma. Mtu anatajiwa urefu wa milima, yeye anawaza uzi!

Shuleni waliniita Atlasi. Jina hilo nililibuni mwenyewe, kisha nikawasubiri wenzangu walizoee. Niliwadharau wote, nasema kweli. Mtoto wa fundi saa hakujua mkoa wetu unapakana na mikoa mingapi. Kiranja wetu alidhani ikweta ni uzio. Mtu akikosea darasani sikumcheka kwa sauti, nilipumua tu kwa pua, na hiyo iliuma zaidi. Mimi mwenyewe, kwa miaka yangu kumi na mitatu, nilikuwa sijawahi kuvuka daraja la kutokea mjini. Hilo halikunisumbua. Nchi nilikuwa nayo kwenye begi, ndani ya atlasi ya zamani ya baba mkubwa iliyokwisha kupoteza jalada.

Muhula wa pili akaja msichana mgeni. Mama yake, muuguzi, alikuwa amehamishiwa hospitali ya mjini kwetu kutoka mkoa wa kaskazini kabisa. Siku hiyo hiyo nikafungua atlasi. Mkoa wao ulikuwa umepakwa rangi ya kahawia tupu, na katikati ulipita mto mmoja uliochorwa kwa vinukta. Nikampa jina la Vumbi, na jina likashika kabla ya kengele ya mchana.

"Kwani kwenu kuna nini hasa?" nilimuuliza mbele ya darasa.

"Kuna watu," akajibu.

"Watu wako kila mahali. Nauliza kuna nini."

Darasa likacheka. Vumbi hakucheka wala hakulia. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mbuzi wa jirani aliyeanza kutafuna nguo kwenye kamba, akaketi.

Mwezi uliofuata yakatangazwa maonyesho ya "Ijue Nchi Yako". Kila shule ya wilaya ingepewa mkoa mmoja kwa kura, itengeneze mfano wake juu ya meza, na mwanafunzi aueleze mbele ya mwamuzi. Shule tatu bora zingepeleka wanafunzi wawili wawili mji mkuu, safari ya siku mbili kwa basi, kukatiza nchi kutoka pembe hadi pembe. Nilitaka safari ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Mwalimu wetu wa maarifa ya jamii akaenda kuvuta kura. Shule jirani ilipata mkoa wa maziwa, nyingine mkoa wa milima. Sisi tukapata mkoa wa kahawia.

"Atlasi, utafanya na mgeni wetu," mwalimu akasema. "Wewe una kitabu, yeye ana kwao. Mkae pamoja, muulizane."

Muulizane! Nilikuwa tayari kufundishwa kuogelea na kuku kabla ya kuulizana na Vumbi. Lakini nilinyamaza, kwa sababu safari ilikuwa safari.

Tukafanya kazi chumba cha nyuma cha darasa. Tuliloweka magazeti, tukayaponda, tukayachanganya na gundi ya unga, tukajenga vilima. Vumbi alikuwa na mikono mizuri, sikatai. Mahali pa mto nikamwaga mchanga mkavu, nikachomeka kibao: HAKUNA MAJI.

"Hapo maji yapo," Vumbi akasema.

"Wapi?"

"Chini. Mto wetu unapita chini ya mchanga. Tunachimba visima humo humo mtoni."

"Panya ndio wanaochimba," nikamwambia. "Ramani imeweka vinukta. Vinukta maana yake mto mkavu. Soma ufunguo wa ramani, ndugu yangu."

"Nimeusoma. Ufunguo umesema ni mto wa msimu. Haujasema sisi tunakufa."

Akanisogezea daftari lake. Ndani alikuwa ameorodhesha visima kumi na tisa, kila kimoja na jina la aliyekichimba na mwaka wenyewe. Niliusoma ukurasa mmoja kwa jicho la pembeni. Majina ya vikongwe nisiowajua, miaka isiyo na vita wala mfalme. Nikalifunga daftari nikamrudishia kwa ncha za vidole.

"Hii siyo historia," nikasema. "Hivi ni visima tu."

Siku ya maonyesho nikaamka mapema, nikaandika karatasi ya kubandika mbele ya meza. Mwalimu alikuwa ametuagiza tuweke majina yote mawili. Niliandika "Imetayarishwa na", nikaweka jina langu, nikaitazama nafasi iliyobaki, kisha nikaijaza kwa kuchora dira. Tulipofika ukumbi wa wilaya nikamwambia Vumbi akalinde mabegi ya wenzetu getini, maana kuna wezi. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaenda. Nikadhani ni mjinga.

Mwamuzi alikuwa mpima ardhi wa wilaya, mama mfupi mwenye viatu vizito na penseli nyuma ya sikio. Alipofika kwenye meza yangu nikajaza kifua hewa, nikashusha yote: ukubwa wa mkoa, mipaka yake, wastani wa mvua, idadi ya watu. Alinisikiliza kwa uso wa mtu anayesubiri chenji dukani.

"Umesema watu wangapi?"

"Laki mbili na elfu kumi."

"Wanakunywa nini?"

Swali gani hilo? Halikuwa mahali popote kwenye kitabu. Wanafunzi wa meza za jirani walianza kusogea. Ningeweza kusema sijui. Ni neno dogo, linatamkwa na kila mtu, lakini mimi nilikuwa sijalitamka tangu darasa la pili.

"Wanaletewa maji na malori," nikasema.

"Kila siku?"

"Ndiyo."

"Malori mangapi?"

"Mengi."

"Nani kakwambia?"

"Imeandikwa kitabuni."

Mpima ardhi akaitoa penseli nyuma ya sikio. "Mwanangu, mimi nimepima mkoa huo miaka mitatu, kwa miguu. Sijapishana na lori la maji hata moja. Sasa niambie, miaka mitatu mimi nilikuwa nakunywa nini? Umande?"

Wakacheka. Mtoto wa fundi saa, aliyekuja kututia moyo, hakucheka. Alipumua kwa pua. Ndipo nilipojua pumzi ile inavyouma.

"Kutojua si kosa," mwamuzi akasema, "ila shule inayobuni uongo juu ya watu wengine huwa naifuta." Akaiweka penseli juu ya jina la shule yetu.

"Subiri kidogo, mama," mwalimu akasema. Alikuwa amefika nyuma yangu bila mimi kumsikia. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi ya majina. "Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko getini. Analinda mabegi."

"Na jina lake linalinda nini?"

Mwamuzi akatazama saa yake, akasema atakwenda meza mbili kisha atarudi, na akirudi akute mtu anayeujua mkoa huu au asikute mtu.

Nilikimbia. Vumbi alikuwa ameketi juu ya rundo la mabegi akila chungwa.

"Njoo haraka," nikamwambia.

"Nikija mabegi atayalinda nani? Si umesema kuna wezi?"

"Tafadhali. Watatufuta."

"Watatufuta mara ngapi? Mimi nimeshafutwa asubuhi. Ulidhani sijui kusoma?"

Nilisimama pale, watu wanapita, jua linanichoma utosini. Nikasema, "Nililiacha jina lako kwa makusudi. Nilitaka niende mimi. Na kisha nimemdanganya mwamuzi, kwa sababu sikutaka kusema kwamba sijui."

"Hujui nini?"

"Mnakunywa nini."

Vumbi akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Miezi minne tumekaa dawati moja," akasema. "Ungeuliza." Akainuka, akaniachia mabegi.

Niliyaburuta yote hadi ukumbini, kwa hiyo nilimkuta ameshaanza. Alikuwa amekichomoa kibao changu cha HAKUNA MAJI na kukilaza kifudifudi. Mwamuzi alikuwa amerudi, mikono nyuma.

"Mvua kwetu hunyesha wiki tatu kwa mwaka," Vumbi alikuwa akisema. "Mto hujaa, kisha maji hujificha ndani ya mchanga. Tunamtazama punda. Punda akiparua mchanga mahali, hapo tunachimba. Maji ya kwanza yana tope, hayo ni ya mbuzi. Tunasubiri. Ya pili ndiyo ya watu. Tunazungushia matawi ya miba ili mifugo isichafue."

"Na mafuriko yakija?" mwamuzi akauliza.

"Visima vyote vinafukiwa. Mwaka unaofuata tunachimba upya pale pale. Wazee wanapajua kwa mawe ya ukingoni, na wanatufundisha sisi. Kila kisima kina jina la aliyekichimba kwanza, hata kama alikufa zamani. Hiki," akaweka kidole kwenye mchanga, "ni cha mama mmoja aliyechimba mwaka wa njaa kubwa, peke yake, ana mimba. Mimi ni wa kisima hiki. Mtu akitaka kujua ukoo wako hakuulizi unaitwa nani, anauliza unakunywa wapi."

Mpima ardhi akainama juu ya mchanga, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikunywa kisima cha saba. Maji yake yana chumvi kidogo."

"Cha saba ni cha wajomba zangu," Vumbi akasema. "Na wao wana chumvi kidogo."

Mwamuzi akacheka hadi penseli ikaanguka. Nilikwenda mbele nikamwambia, mbele ya wote, kwamba habari ya malori niliitunga mimi, kitabu hakina kosa wala mwenzangu hana kosa. Kisha nikaandika jina la Vumbi, jina lake hasa alilopewa na wazazi wake, juu kabisa ya dira yangu.

Jioni matokeo yakasomwa. Tulikuwa wa tatu, alama moja tu mbele ya wa nne. Mwamuzi alieleza kwamba alitupunguzia alama kwa ajili ya malori, na kwamba huko mji mkuu msemaji awe yule wa kisima. Mwalimu akamgeukia Vumbi.

"Nafasi ya pili umchague wewe mwenzako wa kwenda naye."

Mtoto wa fundi saa akanyoosha shingo. Kiranja akakohoa. Mimi nilianza kukusanya magazeti yaliyobaki, maana nilijua langu limekwisha, na nilijua pia kwamba ni haki.

"Aje huyu," Vumbi akasema, akininyooshea kidole bila kunitazama.

"Huyu?" mwalimu akashangaa. "Baada ya yote haya?"

"Hawa wengine wote wameshatoka nje ya mji, mwalimu. Huyu maskini hajaona kitu."

Hakuna matusi niliyowahi kutukanwa yaliyoniingia kama hayo, na hakuna zawadi niliyowahi kupewa iliyo kubwa kuliko hiyo. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Machozi yakanitoka mbele ya watu wote niliowadharau, na hakuna aliyepumua kwa pua.

Mwalimu akanishika bega. "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo," akasema. "Nchi ni watu wake, na watu hawasomwi kwa mbali. Kitabu nacho ni chema, lakini kitabu kiliandikwa na mtu aliyeuliza. Siku mbili za basi zinakungoja. Atlasi utaiacha nyumbani. Utakwenda na daftari tupu, utakaa karibu na mwenzako, na kila atakapokuonyesha kitu, una ruhusa ya kusema neno moja tu."

"Neno gani, mwalimu?"

"Hilo hilo ulilouliza sasa hivi," akajibu. "Gani."