Viatu vya Baba Mlangoni

Feri ilikuwa imeshainua lango lake na kuliacha gati la Kamanga wakati Winnie alipogeuka kumtazama baba yake. Nestory alikuwa bado amesimama pale pale kwenye mawe, mikono mfukoni, masizi ya kuchomelea vyuma yamemganda shingoni. Hakupunga mkono. Maji yakaanza kuwatenganisha, kwanza kwa upana wa mtaro, kisha kwa upana wa shamba, na mwisho Nestory akawa mdogo kama msumari.

Miguuni pa Winnie palikuwa na godoro lililofungwa kwa kamba, sufuria mbili, picha ya familia yenye fremu, na mfuko wa mashati mawili na viatu vyeusi vya baba yake. Havikuwa vitu vya safari. Vilikuwa vitu vya kuifanya nyumba tupu ionekane ina wenyewe.

"Ukiulizwa," baba alikuwa amemwambia asubuhi ile, "sema, tunaishi hapa, hatujawahi kuhama. Maneno machache tu. Hayakushindi."

Nyumba yenyewe ilikuwa Kiseke, ng'ambo ya pili, upande wa mjini. Baba na mama waliijenga kidogo kidogo, na Winnie akakulia humo mpaka mama yake alipofariki, yeye akiwa darasa la tatu. Baada ya msiba Nestory hakuweza tena kulala katika nyumba ile. Akamchukua binti yake wakahamia Sengerema, na nyumba akampangisha Mwalimu Pius. Miaka mitatu ikapita. Sasa mwalimu alikuwa amehamishiwa Misungwi, mnunuzi amepatikana, na Nestory alitaka kujenga karakana, maana alichoka kuchomelea mageti chini ya turubai.

Ndipo dalali aitwaye Shimba alipomshauri. "Nyumba uliyopangisha watakukata kodi ya mauzo bila huruma. Nyumba unayoishi mwenyewe ina nafuu yake. Mthamini wa kodi akija kuipima, akute sufuria jikoni na mtoto mlangoni. Nani atauliza zaidi?"

Kwa hiyo likizo ile Winnie alipelekwa kuwa mtoto mlangoni.

Shangazi yake, Wilhelmina, dada mkubwa wa Nestory, alikuja kulala naye kila usiku. Lakini alikuwa muuza dagaa, na kabla hakujapambazuka alikuwa ameshaondoka kwenda sokoni Mwaloni. Mchana kutwa Winnie alibaki peke yake. Alifagia sebule isiyo na viti. Akitembea, nyayo zake zilimrudia kutoka ukutani kama kuna mtu anamfuata. Aliloweka mashati ya baba yake yaliyokuwa safi, akayaanika, yakikauka akayaloweka tena. Kila asubuhi aliviweka vile viatu vyeusi mlangoni, kana kwamba mwenyewe ameingia sasa hivi kunywa chai.

Chumba kimoja hakukifungua. Kilikuwa cha baba na mama.

Siku ya tatu, msichana wa nyumba ya jirani, Princess, alichungulia juu ya ua wa michongoma. Alikuwa mgeni mtaani; hawakuwahi kuonana.

"We mpangaji mpya, mbona unafua mashati yale yale kila siku?"

"Mimi si mpangaji. Hapa ni kwetu."

"Kwenu? Aliyekuwa akiishi hapa ni Mwalimu Pius. Alinifundisha hesabu." Princess akatazama mlangoni. "Na baba yako yuko wapi? Viatu naviona, miguu siioni."

Siku nyingine Winnie angecheka. Siku ile aliingia ndani akafunga mlango, akakaa chini ya ile picha ya familia. Tangu afike hakuna aliyemwita kwa jina lake ila shangazi, na mtoto mwenzake wa kwanza kumsemesha alikuwa amemfungia mlango.

Siku ya tano mthamini alifika. Winnie alitegemea mwanamume mwenye sauti kali. Aliyebisha hodi alikuwa mama mtu mzima, ameshika faili na futi ya kupimia, akihema kwa kupanda kilima.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Bi Truphosa. Baba yupo?"

"Ametoka kidogo," Winnie alisema, na sauti yake haikutetemeka.

Bi Truphosa akapima sebule, akapima jiko, akaandika. Aliviruka vile viatu bila kuviulizia. Winnie akaanza kuamini kwamba Shimba alisema kweli. Kisha wakafika kwenye chumba kilichofungwa.

"Humu giza. Hebu niwashie taa."

Winnie akasukuma mlango na kupeleka mkono nyuma yake, upande wa kushoto, chini kidogo ya bega. Pale ndipo swichi ilipokuwa. Mama yake aliiweka chini makusudi ili Winnie aifikie akiamka na ndoto mbaya. Vidole vyake vikagusa ukuta mtupu. Akapapasa juu, akapapasa chini. Plasta laini, baridi.

"Iko upande huu," Bi Truphosa alisema polepole, akawasha. Swichi ilikuwa upande wa kulia. Mwalimu Pius aliihamisha wakati paa lilipovuja na maji kuharibu nyaya.

Chumba kilikuwa cheupe, hakina kitu. Winnie alibaki na kiganja chake ukutani.

"Mliondoka lini hapa, mwanangu?"

Yale maneno ya baba yalikuwa tayari mdomoni. Aliwaza karakana. Aliwaza baba yake kwenye mawe ya Kamanga. Duniani alikuwa amebaki na baba tu. Akimwangusha, atabaki na nani? Lakini kusema hawajahama, akiwa ndani ya chumba kile, ilikuwa sawa na kusema kwamba mama yake hakufa.

"Nilikuwa darasa la tatu," alisema. "Sasa niko la sita. Baba yuko Sengerema."

Kisha akalia. Bi Truphosa alimwacha alie, akakaa naye sakafuni mpaka machozi yakaisha.

"Fomu ya kodi baba yako bado hajaisaini," akasema. "Nitakayoandika mimi ni haya niliyoyaona. Mwambie aje yeye mwenyewe, kabla hajasaini. Na kama anazo risiti za saruji na mabati, aje nazo. Kodi hukatwa kwenye faida, si kwenye jasho lake la kujenga."

Jioni Winnie alimweleza Shangazi Wilhelmina yote, naye akampigia Nestory simu. Kesho yake Nestory alivuka kwa feri ya kwanza. Alimkuta dada yake hajaenda sokoni, na Winnie amejikunja kwenye kona ya sebule.

"Nimekuharibia, baba," Winnie alisema.

Nestory akafungua mdomo, lakini Wilhelmina akamtangulia.

"Nesto, nilinyamaza, na mimi nina kosa hapo. Sasa nisikilize. Mtoto unaweza kumwachia ng'ombe achunge. Uongo humwachii. Ng'ombe akipotea, kijiji kizima kitatoka kumtafuta. Uongo ukimshinda, anahangaika nao peke yake, hana wa kumwita. Kodi ni pesa tu, ikilipwa imekwisha. Kusema kweli kutakugharimu mara moja. Uongo ungemgharimu huyu kila anapoulizwa kwao ni wapi."

Nestory alitazama viatu vyake pale mlangoni. Akatazama mashati kwenye kamba. Halafu akaenda akaketi sakafuni kando ya binti yake.

"Hukuniharibia," akasema. "Nilikuacha peke yako na kazi yangu."

Akavaa vile viatu, wakaenda ofisi ya mapato pamoja.

Risiti zilipatikana kwenye kopo la maziwa ambamo mama yake Winnie alizitunza, na zikapunguza kodi ya mauzo, ingawa haikuisha. Nestory aliilipa, akalipa pia kodi ya pango la miaka mitatu ambayo hakuwahi kuitolea taarifa, na faini juu yake. Karakana ilisimama mwaka uliofuata, ndogo kuliko ilivyochorwa, bila sakafu. Shimba bado ni dalali. Mwalimu Pius anafundisha hesabu Misungwi. Bi Truphosa amestaafu, amerudi kwao Mara. Wilhelmina anauza dagaa. Nyumba ya Kiseke sasa ina watoto watatu wa mnunuzi, na Princess hucheza nao. Winnie yuko kidato cha kwanza Sengerema. Viatu vyeusi Nestory aliendelea kuvivaa mpaka soli zikaisha.