Kamba ya Nguo ya Bwana Ethi

Ndugu zangu, haya yalimpata mtu aliyejua. Ndiyo maana nayasema.

Asubuhi hiyo kwa fundi umeme mambo yalikuwa shwari. Mkewe, mshonaji wa nguo, alikuwa anafua uani. Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea, alikaa barazani akimenya vitunguu. Jenereta ilinguruma karibu na bomba, maana umeme ulikatika tangu jana. Mtaani fundi aliitwa Bwana Ethi, kwa kuwa hakupita penye jenereta ya mtu bila kuuliza, "Waya wa ethi uko wapi? Mnataka kufa?" Watoto walimwigiza mpaka wakachoka.

Sasa, wiki tatu nyuma, kamba ya kuanikia ilikatika na nguo zikaanguka matopeni. "Baba watoto, nipatie kamba," mkewe alimwambia. "Leo leo," akajibu. Leo ikawa kesho. Alipochoka kusemwa, akafungua waya wa ethi, ule wa kijani na njano uliotoka kwenye jenereta hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini, akautundika kutoka ukutani hadi kwenye nguzo. Nitaurudisha Jumamosi, alijiambia. Jumamosi mbili zikapita. Na wewe unayecheka, una Jumamosi yako pia.

Basi mkewe akainuka na mikono yenye povu, aisogeze jenereta isirushiwe maji. Waya wa ndani ulikuwa umechubuka na kugusa chuma. Umeme, ulipokosa njia yake ya kwenda ardhini, ukampitia yeye. Akakakamaa mdomo wazi, sauti haitoki.

Mama mkwe alitupa kisu, akakimbia kumshika mwanawe.

"Mama, usimguse!" fundi akamfokea, yeye ambaye hakuwahi hata kumpandishia mkwewe sauti. Akanyakua ufagio wa mpini mkavu wa mti, akaisukuma swichi ya jenereta mpaka ikazima. Mke akaanguka chini.

Alipumua. Mungu mkubwa, alipumua! Lakini kiganja cha kulia, kiganja cha mshonaji, kilikuwa kimeungua vibaya.

Majirani wakajaa uani. Mama mkwe, kampakata mwanawe, akauliza kwa upole kabisa, "Baba, ule waya unaowagombeza watu kila siku, hapa kwako uko wapi?"

Watu wote walishainua macho kwenye waya wa kijani na njano, ambako suruali zake tatu zilikuwa zinadondosha maji. Mtu mmoja akaguna. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, ardhi ile ile aliyoinyima waya.

Waya ulirudi mahali pake siku hiyo hiyo, na kibanio kimoja cha nguo kikiwa bado kimeung'ang'ania. Alipotaka kukitoa, mkewe, mkono umefungwa bandeji, akamwambia, "Kiache. Nataka ukione kila unapowasha."

Mafunzo

Jenereta isiyofungwa ethi haichagui mke wala mgeni. Ifunge ardhini, iweke pakavu, usiiguse na mikono iliyolowa. Mtu akinaswa, zima kwanza, ndipo umshike. Nawe unayejua, anzia uani kwako.

Bwana Ethi hagombezi mtu siku hizi. Akiona jenereta isiyo na waya hupiga hodi, akasema akitazama chini, "Mke wangu ana vidole viwili visivyokunjika tena. Naomba niwaambie kwa nini."