Mashahidi wa Hénoc

Bandarini Nchelenge rezo ya simu hupatikana juu ya kasha moja tu la samaki, na Hénoc alikuwa amelipanda, akipiga kelele kwenye simu: "Fero! Pherō! Bharāmi!"

"Yaya, unaita pepo?" Suwilanji akamuuliza, beseni la dagaa kichwani, kitenge cha manjano kikiwaka juani.

"Ni kubeba, mama! Kilatini, Kigiriki, Kihindi cha zamani. Niko natafuta na mwalimu wangu wa Ulaya namna mama yao, luga iliyozizaa zote, alilisema."

"Nani alimusikia?"

"Hakuna. Alikufa bila kuandika. Batoto wake ndio mashahidi."

"Basi shuka unibebee beseni, tuone kama unalijua."

Akashuka. Mvua zilipoanza, walikuwa wanaitana chérie, mupenzi.

Mwalimu akamupatia Hénoc nafasi ya kusoma Ulaya. Kabla ya kuondoka alitaka kumuposa Suwilanji. Alivaa koti lake la seminari, akaenda peke yake kwa Papa Lloyd, baba ya binti. Mzee alikuwa anashona wavu. Alimusikiliza, akainuka, akaingia ndani, akafunga mulango.

*Hawataki mukimbizi kama mimi*, Hénoc akawaza. Akazima simu. Suwilanji akapiga, akapiga. *Amechagua Ulaya*, akawaza naye, na chakula kikamushinda.

Siku ya safari Suwilanji akamukuta stendi, begi mkononi.

"Ba Hénoc! Unakimbia bila kuniaga?"

"Baba yako alinifungia mulango!"

"Ulikuja peke yako! Kwetu mutu hajiposei, ni matusi. Anatuma shibukombe amusemee, na sahani mbili zimefunikana. Binti akizifunua, amekubali."

"Nitume nani? Bandugu wote walibaki ng'ambo ya ziwa."

"Awe! Kitenzi kilichokufa unakitafutia mashahidi. Wewe muzima huna hata mumoja?"

Hénoc akakimbia kwa mzee Ruffin, fundi viatu waliyevuka ziwa naye katika boti moja.

Ruffin akaenda na sahani, Suwilanji akimuongoza, akapiga magoti mulangoni kwa Papa Lloyd. Hénoc akarudi stendi, akawasha simu, akangoja. Basi la kwenda Mansa likapiga honi. Likapiga tena.

Simu ikalia.

"Chérie?"

"Baba ameniuliza kama ninakujua."

"Ukajibu nini? Suwi, dereva amewasha gari!"

"Nikafunua sahani mbele ya watu wote. Panda sasa. Lakini beseni sitampa mwingine. Unasikia?"

"Nasikia," Hénoc akasema, mguu mmoja ndani ya basi, mwingine bado chini Nchelenge.